Mama Mkwe na Kiti cha Mbele

Mama mkwe wangu anaitwa Dorika, na mpaka leo siijui vizuri sura yake. Sitanii. Nimemwoa binti yake miaka mingi, nimekula ugali wake, nimelala chini ya bati lake, lakini ukiniuliza kama ana kovu shavuni, itabidi nikamwulize mke wangu. Kwetu Ubena mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kupishana. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakiwa na la kuambiana lazima awepo mtu wa katikati, hata kama la kuambiana lenyewe ni kwamba mvua inakuja.

Ninachokijua vizuri ni sauti yake. Pale usharika wa Matembwe, kijijini kwake, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za akina mama, bila kinanda, bila kumwangalia mtu, na ikishatoka ile sauti ya kwanza hata wanaume waliokuwa nje wakisubiri mahubiri yaishe walikuwa wanaingia ndani. Alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo. Akapanda misindano, ile miti ya mbao, kwenye mteremko nyuma ya nyumba kwa mkono wake mwenyewe, na misindano hiyo ndiyo iliyomsomesha mke wangu Jenifa na mdogo wake Nahumu. Binti yangu Idda alimlea yeye tangu mtoto anaachishwa ziwa mpaka anaingia darasa la tano, wakati mimi na Jenifa tukihangaika kuanzisha biashara ya mbao Njombe mjini. Huyo ndiye mwanamke ninayemsimulia. Mimi mwenyewe ni Yoeli, na ningependa kuwaambia kwamba ni mtu wa kawaida, lakini mtu wa kawaida asingefanya niliyoyafanya.

Mwanzoni nilikuwa na pikapu kuukuu. Mama Dorika akija mjini kumsalimia mjukuu alikuwa anapanda nyuma, juu ya mbao au juu ya magunia ya viazi, kajifunga kitenge kichwani, kakaa kama yuko kwake. Wala hakuna aliyemlazimisha. Nyuma kule hakuwa na haja ya kuogopa goti la nani limegusana na la nani. Nilikuwa namsikia kwenye kona za Lupembe akiimba peke yake, nami nikiendesha nilipunguza mwendo ili nisimkatishe.

Sasa siku moja, pale mtaa wa Ramadhani tunapoishi, mzee mmoja wa kanisa alimwona akishuka na vumbi mpaka kwenye kope. Akaniita pembeni. "Ndugu Yoeli, wewe ni mtu unayeonekana siku hizi. Mama mkwe unamsafirisha na viazi?" Alisema kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulioniuma. Usiku sikulala vizuri. Ningetulia kidogo nikamwuliza Jenifa, angenieleza kwamba mama anapapenda nyuma. Sikumwuliza. Mimi nikishaguswa heshima yangu huwa siulizi mtu.

Ilikuwa mwaka 1999. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa, na kilichokuwa hakipatikani utotoni mwetu kilikuwa kinauzwa mpaka barazani. Viwanda vya mbao vya serikali vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, na sisi wadogo wenye misumeno yetu tulikuwa tunapeleka mbao Dar es Salaam kila wiki. Aliyekuwa akinibebea ni Mansoor, mwenye malori pale Makambako, mtu wa maneno mengi na roho nyeupe, ambaye wazazi wake walihamia kutoka pwani. Malori yake yalishuka na mbao na kupanda na chochote kilichokuwa kimeletwa na meli. Ndiye aliyeniletea gari.

Lilikuwa gari fupi la Kijapani, milango mitatu, juu kijani na chini kijivu, tairi la akiba limening'inizwa mgongoni. Lilikuwa limetumika huko kwao lakini ungeapa ni jipya. Viti bado vina nailoni. Kwenye kioo cha mbele kuna karatasi yenye maandishi ya Kijapani ambayo mpaka naliuza sikukubali ibanduliwe. Redio ilikuwa ya masafa ya kwao, kwa hiyo haikushika kituo hata kimoja, ila ilikuwa na taa za buluu, na mimi niliiwasha hivyo hivyo kwa ajili ya taa.

Mansoor alinionyesha gari uwanjani kwake kana kwamba anamwozesha binti. "Sikia injini, Bwana Yoeli. Unaisikia? Huisikii! Haya, ingia. Hii ni hita. Nyinyi watu wa Njombe mnaoga na baridi, hita hii itakupa miaka kumi zaidi ya kuishi." Kisha akazunguka mlango wa kushoto, akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akavuta kishikio, na mgongo wa kiti ukalala chali mpaka ukaungana na kiti cha nyuma. Nikashtuka. Mansoor akacheka. "Hiki si kiti, hiki ni kitanda. Juzi nilimpeleka Dar mama yake Rehana, mama mkwe wangu mimi, na gari kama hili. Nikamlaza hapa. Kalala toka Mafinga mpaka Chalinze, ananiombea dua mpaka leo!"

Maneno hayo yaliniingia na hayakutoka. Ningekumbuka kwamba Mansoor na mama yake Rehana wanakula sinia moja na kutaniana, kwamba kwao mama mkwe ni mama tu. Badala yake niliona picha: mimi naingia Njombe mjini, pembeni yangu mama Dorika kaegemea, kapashwa joto, hana hata chembe ya vumbi, na yule mzee wa kanisa anatazama.

Mwezi mzima nilikuwa sina mazungumzo mengine. Mtu akija kununua mbao ananikuta nimeegemea gari, na kabla hajataja vipimo namweleza kuhusu gari. Nilisema linapanda mlima wa Kifanya kama linateremka. Nilisema kwenye matuta mgongo hausikii kitu, jambo ambalo si kweli, kwa sababu gari fupi kwenye njia yenye matuta linarukaruka, na Jenifa aliyekaa kando yangu alinitazama tu. Wasiposadiki kuhusu kiti nilikuwa nakilaza na kukiinua mbele yao. Mwishowe kile kiegemeo cha kichwa nikakitoa kabisa nikakiweka stoo, maana kilikuwa kinachelewesha maonyesho.

Mwezi wa saba Idda alikuwa anapata kipaimara Njombe. Alishasema tangu mwaka uliotangulia kwamba anataka bibi yake awe kanisani siku ile, akae mahali anapoweza kumwona. Hilo lilikuwa ombi lake moja. Nguo wala sherehe hakuzitaja. Siku ya Jumamosi Jenifa alikuwa na masufuria na wageni, kwa hiyo ilibidi niende Matembwe peke yangu.

"Baba Idda," aliniambia nikiwa nawasha gari, mikono yake ina unga. "Mwambie Nahumu aje naye. Nahumu akae mbele na wewe, mama akae nyuma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama Idda."

"Na usishuke kumsaidia kupanda. Nahumu atamsaidia."

Nikasema sawa. Nilisema sawa huku nimeshaamua.

Nilifika Matembwe wakati akina mama wanatoka kwenye mazoezi ya kwaya. Kulikuwa na ukungu na ile baridi ya kuuma masikio. Nikasimamisha gari katikati ya uwanja wa kanisa, mahali ambapo hakuna ulazima wa kusimama, na watu wakalizunguka. Nikaanza. Hita, taa za redio, viti. Niliwaambia waingize mikono wasikie joto, wakaingiza. Mama Dorika alikuwa amesimama mbali, karibu na ukuta, kikapu mkononi, kitenge kimefunika kichwa na nusu ya uso, akingoja nimalize.

Nahumu akaja akamsogeza mama karibu na gari. Mama akasema naye kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia. "Mwambie mkwe nitakaa nyuma."

"Mwambie mama," nikamjibu Nahumu kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "nyuma ni kwa kukunjana. Gari hili limenunuliwa kwa ajili yake. Atakaa mbele."

Nahumu akanitazama. Sasa hebu fikirini tulipomfikisha mtu kama yule, au niseme nilipomfikisha. Akikubali anakaa bega kwa bega na mkwe wake. Akikataa anamkatalia mkwe mbele ya usharika wote, na mkwe mwenyewe kasema kwamba kamnunulia gari. Alisimama pale muda ambao mimi niliuona mrefu, na nikaudhika. Ndiyo, niliudhika. Kisha akainama, Nahumu akapita nyuma, na mama akaingia akakaa kwenye kiti cha mbele, kajibana mlangoni, kageuza uso kabisa upande wa dirisha, kikapu kakipakata.

Ningewasha gari nikaondoka, labda yote yangekwisha kwa safari ya kimya. Lakini watu walikuwa bado wanatazama, na mama alikuwa amekaa wima kama mtu anayengoja kuitwa na hakimu, na mimi nilitaka waone starehe. Kwanza nikakumbuka mkanda. Mkanda wa abiria unatoka kule mlangoni kwake. Nikanyoosha mkono. Mkono wangu ulipita mbele ya kifua cha mama mkwe wangu, nikavuta mkanda, nikaurudisha, nikaufunga hapa katikati, karibu na kiuno chake. Nilisikia pumzi yake inakatika. Nikadhani ni baridi.

"Sasa, mama, pumzika," nikasema. Nilimwambia yeye mwenyewe, moja kwa moja, bila mtu wa katikati. Nikainama tena juu yake, kiwiko changu gotini kwake, nikatafuta kile kishikio cha kiti upande wa mlango, nikavuta.

Kiti kilifanya kilichotengenezwa kufanya. Kililala. Mama Dorika akaenda nacho chali mpaka kichwa kikatua mapajani kwa Nahumu, kikapu kikamwagika, miguu ikanyanyuka, kitenge cha kichwani kikatoka. Na mimi nilikuwa nimeinama juu yake, mkono mmoja bado uko kule mlangoni. Alijaribu kuinuka haraka, na ule mkanda, kama ilivyo kazi yake, ukakaza ukamrudisha chini. Akajaribu tena, ukamrudisha tena. Nahumu hakuwa na mlango wa kutokea wala nafasi ya kusogea, alikuwa ameshika kichwa cha mama yake kwa mikono miwili na kurudia, "Shemeji, shemeji, shemeji." Nami nilikuwa napapasa nikitafuta kitufe cha kufungulia mkanda, na kitufe kilikuwa kiunoni kwake.

Siwezi kusema ilichukua muda gani. Nilipokipata kitufe na kuinua macho, nilitegemea kuona watu wanacheka. Hakuna aliyecheka. Akina mama wote wa kwaya ya Matembwe, mmoja mmoja, walikuwa wamegeuka na kutupa mgongo. Walikuwa wanatazama shule ya msingi, ambako siku hiyo hapakuwa na mtu wala kitu cha kutazama.

Mama Dorika alishuka. Alijifunga kitenge chake, akaokota kikapu, akaenda zake kwa njia ya nyuma ya kanisa. Viazi vilivyokuwa vya mjukuu vilibaki vimetapakaa miguuni pa gari. Nahumu aliposhuka hakunitukana, ila alisema, "Mama hawezi kwenda, shemeji," akaviokota vile viazi, akanipakilia nyuma, akafunga mlango taratibu.

Nilirudi Njombe peke yangu na hita ikiwaka. Nilikuwa natokwa jasho lakini sikuizima. Njia nzima nilikuwa natafuta la kumwambia Jenifa, na nilipofika mlangoni nikasema, "Mama ana mafua makali." Hivyo tu. Jenifa akasikitika, akasema kesho kutwa atampelekea dawa. Idda akauliza mafua gani ya kumzuia bibi, yeye ambaye alikuwa akienda kanisani na homa. Nikamwambia watu huzeeka. Siku ya kipaimara mtoto alisimama mbele na gauni jeupe, na kila mlango wa kanisa ulipofunguliwa aligeuza shingo. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, na niliiona ile shingo ikigeuka mara zote.

Ukweli ulifika kabla pilau halijaisha. Mwanamke mmoja wa Matembwe aliyekuja kwa basi la asubuhi alimfuata Jenifa jikoni kumpa pole, na Jenifa akauliza pole ya nini. Alipotoka jikoni alikuja mpaka nilipokaa na wageni, akainama sikioni kwangu.

"Baba Idda, mama yangu umemfunga mkanda?"

Akarudi jikoni akaendelea kupakua. Tangu siku ile Jenifa hakukaa tena kiti cha mbele. Tukienda sokoni, tukienda kanisani, anakunja kiti, anapita nyuma, anakaa huko na mikono yake mapajani, na mimi naendesha peke yangu mbele kama dereva wa kukodiwa. Watu wakiniuliza gari linaendaje, nilikuwa nasema linaenda.

Mwezi wa kumi na moja Nahumu alikuja mjini kununua misumari. Nikamkaribisha chai dukani. Nilianza kumwuliza habari za nyumbani kwa kuzungukazunguka, za mahindi, za mvua, mpaka akanihurumia.

"Mama haendi kanisani," akasema.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasali nyumbani. Nyimbo kamwachia Beatrisi wa kwaya. Anasema hawezi kusimama mbele za watu akafungua mdomo, maana wakimtazama wanamwona vile alivyolala." Akanywa chai. "Hata shambani anapita kule chini mtoni, asipite njia ya watu."

Miezi minne nilikuwa nimeibeba aibu yangu, naipima, nalala nayo, najionea huruma. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba kuna mwenye aibu kubwa kuliko yangu. Sauti ile imenyamaza kwa sababu yangu. Nikajiona mdogo kuliko ule msumari aliokuja kuununua.

Basi nikaamua nitatubu. Mnajua utaratibu wa kwetu: mtu aliyeanguka anasimama mbele ya usharika, anakiri, anarudishwa kundini. Nikasema kosa nililifanya hadharani, nitalitubu hadharani, pale pale Matembwe, watu wajue kwamba mkosaji ni mimi na mama hana doa. Nikaenda kwa Mwinjilisti Yoramu.

Yoramu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Ndugu Yoeli, katika daftari langu nina uzinzi, nina ulevi, nina waliorudia matambiko. Hili lako niliandike wapi?"

"Andika popote."

"Mambo ya mkwe na mkwe hayaandikwi. Umtume Nahumu. Peleka neno lako kwa mama kimya kimya, ngoja akujibu. Hata ikichukua mwaka."

Nikamwambia mwaka ni mwingi. Jenifa naye, nilipomweleza, alikuwa anakunja nguo. "Umemwuliza mama kama anataka?"

"Nitamwulizaje na siruhusiwi kusema naye?"

"Nahumu anaruhusiwa," akasema.

Sikumtuma Nahumu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu, na yalikuwa mazuri. Nilikuwa nayarudia garini mpaka sauti ikanitetemeka mahali panapotakiwa kutetemeka. Nilimbana Yoramu wiki mbili, mpaka akachoka akanipa Jumapili.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Kulikuwa na kwaya ya wageni kutoka upande wa Lupembe. Nami nilipopelekwa mbele baada ya matangazo, nikageuka kuwatazama watu, nikaona kitenge ninachokijua kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Nahumu alikuwa amembembeleza mama wiki nzima, na siku ile ndiyo kwanza alikuwa amekubali kurudi, kwa kuingia wa mwisho na kukaa nyuma. Nahumu hakujua kama nitasema. Mimi nilipomwona nikapata nguvu. Nikasema Mungu amemleta asikie.

Nilianza vizuri. Nilisema nimekosa, nilisema majivuno yalinipofusha. Ningeishia hapo. Lakini wale wanakwaya wageni walikuwa wanatazamana, hawaelewi ni kosa gani, na mimi mtu asiponielewa huwa siwezi kuacha. Nikaeleza kwamba ni gari. Nikaeleza ni gari la namna gani. Nikaeleza kwamba lina mkanda unaotoka upande huu na kufungwa upande huu, na mkono wangu ukaonyesha ulivyopita. Nikaeleza kile kishikio. "Ukikivuta, kiti kinalala chali mpaka nyuma," nikasema, na nikalaza kiganja changu hewani kuonyesha.

Mmoja wa wale wageni akacheka. Alijiziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka, na cha mwenzake kikakifuata. Nikasikia joto kifuani, nikaendelea. Nikasimulia jinsi Nahumu alivyobanwa nyuma anaita shemeji, shemeji, na niliigiza sauti yake. Kanisa likaangua kicheko. Walicheka hata wale akina mama ambao mwezi wa saba waligeuka wakatazama shule. Hata Beatrisi alikuwa anafuta machozi. Na mimi, niliyesimama pale kutubu, nikatabasamu. Nisingependa kuliandika hilo lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu nilikuwa najisikia vizuri kama nilivyokuwa nikijisikia uwanjani nikionyesha gari.

Kisha nikatazama benchi la mwisho. Mlango ulikuwa wazi na mahali pake hapakuwa na mtu.

Yoramu alinishika bega, akasema usharika umenipokea. Watu wakanipa mkono mmoja mmoja, wengine bado wanacheka, wakaniambia nimefanya jambo la kiume. Nikatoka nje kwenye gari. Jenifa alikuwa ameshaingia nyuma, kajifunika khanga, hakunitazama. Nikasimama pale mlangoni, funguo mkononi, nikimngoja Nahumu, maana nilimwona kwa mbali anarudi kutoka nyumbani kwao, anatembea polepole kama mtu asiyetaka kufika.

"Umemwona mama?" nikamwuliza.

"Nimemwona."

"Kasemaje?"

Nahumu alitazama chini. "Kasema nimwambie mkwe hivi. Kasema mara ya kwanza ulimlaza mbele ya watu wa Matembwe, na wao walimsitiri. Leo umemlaza tena mbele ya watu, na safari hii umewaomba watazame."

Nikamwuliza kama kuna lingine alilosema. Akasema hakuna, akanipita, akaenda kufunga madirisha ya kanisa.